Gereji ya Nyumbani: Kutoa tangi la petroli la Beetle bila kuhatarisha nyumba

Leo safu yetu inaingia kwenye kazi ambayo wenye magari ya zamani huiahirisha miaka nenda miaka rudi: kutoa tangi la mafuta. Nimechagua Volkswagen Beetle kwa sababu mbili. Kwanza, ni gari ambalo wengi wetu tunalijua tangu utotoni. Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, usingekosa mwalimu au daktari mwenye nalo. Wazee bado wanakumbuka lilivyoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope yaliyokwamisha magari ya bei kubwa. Pili, tangi lake ni miongoni mwa yaliyo rahisi kutolewa. Liko mbele chini ya boneti, na limeshikwa na bolti nne tu.

Urahisi huo ndio unaodanganya watu. Bolti nne mtu anazifungua kwa dakika kumi. Lakini ukiwa na watoto wamelala ghorofani, au unaishi nyumba inayogusana ukuta na jirani, kazi hii haihesabiwi kwa dakika.

Kwa nini ulitoe?

Beetle za mwisho kutengenezwa Ujerumani zina zaidi ya miaka arobaini sasa. Kwa umri huo, kutu huanza kujikusanya chini ya tangi, hasa gari likikaa muda mrefu bila kuendeshwa. Kutu hiyo husafiri hadi kwenye kabureta na gari huanza kukohoa na kuzima njiani.

Petroli yenyewe nayo imebadilika. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida vituoni ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10. Marekani mchanganyiko wa namna hiyo umezoeleka kwa miaka mingi. Ethanoli huvuta unyevu na hula mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Mpira unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umepasuka kwa ndani.

Halafu kuna harufu. Tangi la Beetle liko mbele kidogo tu ya dashibodi, karibu na magoti ya abiria. Mipira ya kupumulia tangi ikichanika, mvuke huingia ndani ya gari. Wengi huzoea na kusema, "Beetle ndivyo zinavyonuka." Sivyo. Gari linalonuka petroli linavuja mahali fulani, na watoto walioketi nyuma wanavuta kile unachovuta wewe.

Kwa walioko Uingereza kuna jambo jingine. Gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana huweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Ni nafuu ya fedha, ndiyo, lakini maana yake ni kwamba huenda hakuna macho mengine yatakayoitazama mipira hiyo isipokuwa yako.

Ijue petroli kabla hujaigusa

Petroli huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi ya Aberdeen au Toronto haikulindi. Kwa walioko Ghuba, joto huongeza mvuke mara dufu. Fanyeni kazi hii alfajiri, jua halijapanda.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni kama maji na kutafuta mahali pa chini. Ukikutana na cheche hata mita kadhaa mbali, moto hurudi ulikotoka. Ndiyo maana hatari kubwa ni gereji iliyoungana na nyumba, yenye boila, mashine ya kufulia au friji. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutoa cheche au kuwa na moto ndani.

La mwisho ndilo linalowashangaza wengi: tangi lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Tangi lililojaa halina hewa ya kutosha ndani. Tangi "tupu" linayo.

Maandalizi

Kama umepanga, soma mkataba wa nyumba kwanza. Mikataba mingi hukataza kutengeneza magari kwenye eneo la nyumba, na bima inaweza kukataa kulipa moto ukitokea. Wanafunzi mnaoishi wengi nyumba moja, kama hamna uwanja wa wazi, kazi hii si yenu. Mpelekeeni fundi.

Endesha gari hadi mafuta yashuke chini ya robo. Tangi la Beetle za kuanzia miaka ya 1960 huchukua lita 40 hivi, kwa hiyo robo ni lita 10. Hesabu hii ina maana yake: sheria ya Uingereza inakuruhusu kuhifadhi nyumbani hadi lita 30 za petroli bila kutoa taarifa, na dumu la plastiki lisizidi lita 10, la chuma lisizidi 20. Ukianza na tangi lililojaa, umeshavuka mpaka. Nchi nyingine zina sheria zao. Uliza kikosi cha zimamoto cha eneo lako.

Tayarisha vitu hivi: madumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, pampu ya mkono, spana namba 13, bisibisi, koleo ya kubana mpira, glovu zisizopenyeza mafuta, miwani ya kukinga macho, na mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza. Vaa nguo za pamba, maana nailoni na sufi hutengeneza cheche za umeme tuli.

Kazi yenyewe

1. Weka gari nje, kwenye ardhi tambarare, mbali na nyumba na mifereji ya maji. Vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu. Acha injini ipoe kabisa. Piga picha za mipira na nyaya zilivyo, kisha upeleke simu ndani ya nyumba.

2. Nyanyua kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, upande wa kulia. Toa waya wa hasi kwanza. Kuanzia hapo hakuna taa ya umeme ya kumulikia, hakuna drili, hakuna sigara.

3. Fungua boneti, toa tairi la spea na kadibodi inayofunika tangi. Sasa utaliona lote.

4. Vuta petroli kwa pampu ya mkono kupitia mdomo wa tangi. Dumu liwe chini, ardhini, si ndani ya buti wala juu ya plastiki. Usilijaze hadi mdomoni. Na hapa naomba tusikilizane: ile tabia ya gereji bubu ya kunyonya mafuta kwa mdomo tuiache huko huko. Tone dogo la petroli likiingia mapafuni linaweza kumlaza mtu hospitali. Mtu akimeza, asilazimishwe kutapika. Piga simu ya dharura mara moja.

5. Ondoa nyaya za geji ya mafuta juu ya tangi. Beetle za kati ya 1962 na 1967 hivi zina geji inayovutwa kwa kebo badala ya umeme. Ifungue taratibu isipinde. Kwenye zile za 1968 na kuendelea, legeza pia mpira mpana unaotoka kwenye kifuniko cha pembeni pamoja na mipira ya kupumulia.

6. Bana mpira wa mafuta ulio chini ya tangi kwa koleo, legeza klipu, uuchomoe ukiwa na chombo cha kukinga matone. Injini iko nyuma, hivyo kutoka hapo petroli husafiri kwenye bomba la chuma lililopita katikati ya sakafu. Ziba bomba hilo lisiendelee kutoa mafuta wala kuingiza uchafu.

7. Fungua bolti nne na vibao vyake. Wawili mlinyanyue tangi, kila mmoja upande wake, liwe sawa. Petroli iliyobaki chini itacheza, kwa hiyo msiinamishe. Ziba matundu yote na muliweke nje kwenye upepo.

Vijana wanaotaka kujifunza wasifukuzwe, ila wakae mbali kidogo wakati mafuta yanavutwa. Wape kazi ya kusoma hatua kwa sauti na kuandika kila bolti ilikotoka. Watajifunza gari, na watajifunza pia kwamba spana, bisibisi na klipu zina majina kwa lugha ya nyumbani.

Sasa litazame

Angalia ndani kwa mwanga wa mchana. Unga mwembamba wa kutu unaweza kusafishwa na mtaalamu. Magamba makubwa au matobo kwenye maungio maana yake tafuta tangi jingine. Ya Beetle bado yanatengenezwa mapya. Angalia pia kijichujio kilicho mahali mafuta yanapotokea. Mara nyingi ndicho kilichoziba.

Kuhusu kuchomelea, sina maneno mengi. Tangi lililowahi kuwa na petroli halichomelewi nyumbani, hata kama limekaa wazi miezi, hata kama limeoshwa kwa sabuni. Mafuta hujificha kwenye maungio na kutoa mvuke yakipata joto. Mafundi wamepoteza maisha kwa kudhani tangi limekauka. Mpe mwenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo.

Petroli chafu isimwagwe kwenye mfereji wala bustanini. Piga simu kituo cha taka cha halmashauri yako uulize kama wanaipokea, kwa kuwa si vituo vyote hufanya hivyo. Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke. Usivitupe kwenye pipa la ndani wala kwenye mashine ya kufulia.

Kulirudisha

Usirudishe mpira wa zamani hata mmoja. Nunua mpya wenye maandishi SAE J30 R9 ubavuni, unaostahimili ethanoli, pamoja na klipu mpya. Badilisha pia gasketi ya geji na utepe unaokaa chini ya tangi. Kaza bolti kwa kupishana, bila kutumia nguvu nyingi.

Kabla ya kuunga betri, mimina lita 5 tu. Weka karatasi kavu chini ya kila kiungo na usubiri nusu saa. Karatasi ikilowa, rudia. Ikibaki kavu, nenda nyuma ukakague mipira ya injini, kati ya pampu na kabureta. Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu ya mpira mmoja mfupi uliochomoka juu ya injini ya moto, na haina maana kutengeneza mbele ukaacha nyuma. Kisha unga betri, waya wa hasi ukiwa wa mwisho. Injini itazunguka kidogo kabla ya kuwaka, kwa kuwa pampu inavuta mafuta kutoka mbali. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu nawe.

Kama katika hatua hizi kuna hata moja ambayo mazingira yako hayairuhusu, mlipe fundi bila kuona haya. Na moto ukitokea, usipiganie gari. Toa watu wote, wagongee majirani, piga 999 ukiwa Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 9999 Oman. Volkswagen ilitengeneza Beetle zaidi ya milioni 21 hadi iliposimamisha utengenezaji wa gari hilo huko Mexico mwaka 2003. Nyingine utaipata.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu. Tukutane kwenye safu ijayo.