Mashine ya mishahara ijaribiwe kwanza, siyo juu ya migongo yetu

Miaka kadhaa iliyopita, kampuni moja ambamo nilikuwa delege wa sendika iliondoa daftari la mahudhurio na kuleta mashine ya kidole. Mwisho wa mwezi, wenzetu wa zamu ya usiku wakakuta nusu ya masaa yao haiko. Walikuwa wanaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Ile mashine ikifika saa sita usiku inafunga siku, masaa yaliyobaki inayatupa. Mama mmoja alinifuata na karatasi ya malipo mkononi: « Papa delege, mashine ilimuona bwana yangu akirudi nyumbani saa sita? »

Pesa zilirudishwa, lakini kiisha miezi miwili. Deni la dukani halikungoja.

Makosa ya namna hii hayako ya kwetu peke yetu. Machi 2013, Kenya walipiga kura. Ekrani za tume ya uchaguzi, IEBC, zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000. Kiisha tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho haikufika hata 110,000. Kule Queensland, Australia, Machi 2010, programu mpya ya mishahara ya hospitali za serikali iliwashwa. Maelfu ya wafanyakazi walilipwa pungufu, wengine kupita haki yao, wengine hawakupata kitu. Uchunguzi wa 2013 ulionyesha kwamba iliwashwa bila kujaribiwa vizuri.

Dawa yake inajulikana: fasi ya majaribio. Ni nakala ya programu, yenye majina ya kubuni, ambapo kosa halimnyimi mtu chakula. Lakini nakala lazima ifanane na kitu chenyewe. Hapa Namoya tuliliona jambo hilo kwa mawe. Unga laini ulikuwa mwingi kuliko ulivyotazamiwa, mtambo ukabidi urekebishwe, na uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa Januari 2016 tu. Kipimo kisichofanana na mlima hakisaidii.

Kwa programu, shida ilikuwa hii: injinia anajenga ile nakala kwa mkono. Anachukua siku nyingi, anasahau kitu kimoja, na nakala haifanani tena na ile ya kweli. Jaribio linapita vizuri, halafu siku ya mshahara mambo yanaharibika. Njo maana mapatroni wengi walisema: hakuna muda, tuwashe tu, tutatengeneza mbele ya safari.

Leo sababu hiyo imepungua nguvu. Vikundi vinavyotengeneza programu vinaandika maagizo yote mara moja: ordinatere gani, programu gani, toleo gani, majina gani ya kubuni. Mashine yenyewe inasoma yale maagizo na kujenga nakala nzima, mara nyingi kwa dakika chache. Inapitisha majaribio yote, inatoa ripoti, kiisha inafuta nakala. Kila mara programu ikibadilishwa, hata mstari mmoja, kazi inarudiwa vilevile. Haichoki na hairuki hatua.

Lakini tusidanganyike. Mashine inapima tu kile kilichoandikwa kwenye orodha. Kama hakuna aliyeandika zamu ya usiku, itasema kila kitu kiko sawa, tena upesi sana. Injinia aliye mbali hawezi kujua zamu zetu kama hatumwambii.

Kwa hiyo, kampuni ikileta mashine mpya ya masaa ao ya mishahara, delegasyo ya sendika iombe mambo matatu.

Kwanza, tuandike sisi pia kesi za kupimwa: zamu inayovuka saa sita usiku, siku ya sikukuu, mgonjwa, aliyebadilishwa kundi katikati ya mwezi. Tuonyeshwe ripoti mbele ya kuwasha.

Pili, majina na alama za vidole vyetu visitumiwe kwenye majaribio. Kanuni ya numeriki ya Machi 13, 2023 inalinda habari za mtu binafsi.

Tatu, daftari la karatasi liendelee sambamba na mashine kwa miezi ya kwanza, ili hesabu mbili zilinganishwe. Sheria ya kazi ya Oktoba 16, 2002 inamtaka patroni atoe hesabu ya malipo kwa maandishi. Karatasi hiyo tuisome mstari kwa mstari, siyo kuikunja na kuiweka mfukoni.

Hatupingi mashine. Daftari nalo lilikuwa na wezi wake. Tunakataa tu kwamba jaribio la kwanza lifanyike juu ya mshahara wa mtu.

Na kuanzia leo, ndugu mchimbaji, nunua kaye ndogo. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kila siku. Siku mashine itakaposema uongo, utakuwa na cha kuonyesha.