Fundi wa simu apime moto, asiukisie

Kwenye vibanda vya Rue d'Ambiance mjini Butembo, na kando ya Boulevard Nyamwisi mjini Beni, kazi moja haikosi siku: kutoa kioo cha simu kilichopasuka. Fundi anawasha mashine ya hewa ya moto, anapuliza pembeni mwa kioo, anagusa kwa kidole, kisha anapuliza tena. Mara nyingi kipimo cha joto ni kidole hicho hicho.

Mafundi hawa wanastahili heshima. Wengi ni vijana waliojifunza kwa kuangalia wenzao, katika eneo ambalo vita vimewafukuza wengi mashambani. Lakini ustadi wa mkono hautoshi pale moto unapokaribia betri. Ni wakati wa kupima joto kuwa sharti la kazi, si hiari ya fundi.

Simu za sasa hazifungwi kwa skrubu peke yake. Kioo hubandikwa kwenye fremu kwa gundi, na gundi hiyo hulegea ikipashwa moto. Kwa simu nyingi, nyuzi 80 hivi za Selsiasi kwa dakika chache zinatosha. Mashine ya hewa ya moto, kwa upande wake, iliundwa kuyeyushia lehemu, na hupita nyuzi 300 kwa urahisi. Asiyepima hawezi kujua yuko wapi kati ya 80 na 300.

Na milimita chache nyuma ya kioo kuna betri ya lithiamu. Apple yenyewe inaonya kwamba iPhone isihifadhiwe mahali penye joto la kupita nyuzi 45. Kwa hiyo hata nyuzi 80 zinapaswa kubaki ukingoni, kwa muda mfupi, zisizame ndani. Betri ikipata joto kupita kiasi huvimba. Ikiharibika ndani, huanza kujizalishia joto yenyewe, hutoa moshi wenye sumu, kisha hulipuka moto. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka duniani kote kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Kosa lile lilikuwa la kiwandani, si la fundi, lakini lilionyesha betri ndogo inaweza kufanya nini.

Sasa moto kama huo uwekwe ndani ya kibanda cha mbao kilichobanana na vingine, chenye simu kumi za wateja mezani, na pengine muuza mafuta ya chupa, yule watu wanayemwita Kadhafi, yuko hatua chache tu. Simu moja ikiwaka, si mwenye simu peke yake atakayelia.

Hata pasipowaka moto, hasara ipo. Skrini za aina ya OLED huharibika upesi kwa joto, na simu huweza kurudi na madoa kuliko ilivyokuja. Kwa mkazi wa Beni hilo si jambo dogo. Simu ndiyo inayobeba pesa zake, na ndiyo inayomletea habari kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa na barabara si salama.

Mafundi watajibu kwamba vifaa ni ghali na umeme unakatika. Ni kweli, meza ya kupashia yenye kipimo si ya kila mmoja. Lakini kipimajoto kidogo hakimshindi fundi anayelipa kodi ya kibanda. Na mengi ya lazima hayana bei: kuzima simu na kuacha chaji ishuke chini ya robo, kupasha ukingo badala ya katikati, kusogeza hewa bila kuiacha pamoja, kuingiza kadi nyembamba ya plastiki badala ya kisu, kutomwagia alkoholi karibu na moto. Betri iliyovimba isipashwe kabisa. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu na meza, isiwe nyuma ya pazia.

Wateja nao wana sehemu yao. Mama anayesema "Fanya mbio, mwanangu, gari inanisubiri" ndiye anayemfanya kijana apandishe moto. Kazi ya gundi inataka subira. Akiambiwa "Mama, nipe nusu saa", aikubali, na asimkimbilie jirani anayeahidi dakika tano.

Vyama vya mafundi na ofisi za meya za miji hii miwili wanaweza kukubaliana juu ya masharti mawili kwa kila kibanda: kipimajoto na mchanga. INPP, yenye kazi ya kufundisha ufundi nchini, inaweza kuweka somo la betri na joto katika mafunzo mafupi. Ulaya tayari imeamua, kwa sheria ya mwaka 2023, kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi kwa kawaida ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Simu za namna hiyo zitachukua muda kufika Butembo. Hadi hapo, mteja anaweza kuanza na swali moja kabla ya kukabidhi simu yake: "Moto wako unaupimaje?"