Kabla Hujabadilisha Ekseli ya Pikapu, Pima Mzigo Kwanza



Juzi nilikuwa natoka kukagua dengu kwenye mbuga za huku kwetu Mwamapalala, nikakuta pikapu ya kijana mmoja imelala katikati ya njia. Tairi la nyuma la kushoto limechomoka pamoja na kipande cha shafti, gari limekalia upande huo. Juu ya magunia walikuwa wamepanda vibarua wanne. Hakuna aliyeumia, kwa sababu gari lilikuwa linatambaa tu. Ingetokea kwenye lami ya kwenda Bariadi, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Nikamuuliza amebeba nini. Gunia 18 za dengu, kila moja kilo 100. Akaniambia, "Afisa, hii ni mara ya pili inakata. Nimeshaongea na fundi, ananifungia ekseli ya Canter, shida iishe." Bei aliyotajiwa inakaribia ya maksai wanne. Na hela yenyewe ndiyo ile ya msimu ujao: mbegu, dawa ya pamba na kulimisha.

Mimi nilimwambia asifunge, na leo nawaambia na nyie. Najua wapo watakaosema, bwana shamba na magari wapi na wapi? Hela inayoingia kwenye ekseli inatoka shambani, kwa hiyo inanihusu.

Tuanze na hesabu. Ile ni pikapu ya tani moja. Gunia 18 ni kilo 1,800, na bado hujaweka vibarua. Kwa hiyo ekseli haikuwa mbovu, ilibebeshwa karibu mara mbili ya uwezo wake.

Sasa tuangalie ekseli zenyewe. Kwenye pikapu nyingi za tani moja, shafti ya pembeni inafanya kazi mbili: inazungusha tairi, na hapo hapo inabeba uzito wa gari. Ikikatika, tairi linaweza kutoka nayo. Magari kama Land Cruiser pikapu na Land Rover 109 za zamani, nyuma wametenganisha hizo kazi. Uzito unabebwa na habu na beringi zilizokaa kwenye hausingi, shafti inazungusha tu. Ikikatika, gari linasimama lakini tairi linabaki mahali pake. Utaitambua kwa macho: katikati ya tairi la nyuma kuna kitovu kimetokeza nje, kina duara la bolti. Ekseli ya Canter nayo ni ya namna hiyo.

Kwa hiyo kijana hajakosea kusema ekseli ile ni imara zaidi. Ni imara kweli. Kosa ni kudhani kwamba ukibadilisha ekseli umebadilisha gari. Uzito haupiti kwenye ekseli peke yake. Unatoka kwenye chasisi, unashuka kwenye springi, unafika kwenye ekseli, beringi, mpaka tairi. Ukiimarisha sehemu moja ukaongeza mzigo, unahamishia uvunjaji kwenye sehemu inayofuata. Kesho itapasuka chasisi, au gia boksi itaanza kulia. Breki za mbele nazo ni zile zile za kusimamisha tani moja.

Halafu kuna uwiano wa difu. Nawapa mfano wa Land Rover, maana wengi mnazifahamu. Difu ya 109 ni 4.7, ya 110 ni 3.54. Ukichukua ya 110 ukaifunga nyuma ya 109, mbele ukaacha ya zamani, siku ukiweka fowili matairi ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa mwendo tofauti. Hapo kitu lazima kikatike. Sasa jiulize, ekseli ya Canter ya dukani kwa spea ina uwiano gani, na ya mbele ya pikapu yako ni ngapi? Fundi asiyeweza kukujibu hilo usimpe gari.

Kinachokata shafti kingine ni sisi wenyewe madereva. Gari likizama kwenye tope la mbuga, tunakanyaga mafuta. Tairi linazunguka bure, halafu linakamata ardhi ngumu ghafla. Ule mshtuko ndio unaokata. Ukizama, ondoa mguu, shusha mzigo, chimba, weka matawi. Kiangazi nako usikimbize gari lililojaa kwenye makorongo yaliyokauka kama saruji.

Tulipiga hesabu nyingine pale pale. Kutoka shambani kwake hadi ghalani ni kilomita 14, kwenda na kurudi 28. Kwa pikapu inayokwenda kilomita 8 kwa lita, safari ya pili inakula lita 3 na nusu za dizeli. Hata akizirudia safari 20 kwa mwaka, ni lita 70. Linganisha na maksai wanne! Alinyamaza muda mrefu kidogo.

Ushauri wangu ni huu. Soma bati la uwezo wa gari lako, kisha pima mzigo; mizani ya AMCOS ipo, itumie. Usikadirie kwa macho. Pamba hujaza bodi kabla haijawa nzito, dengu na mahindi ni nzito kabla ya kujaza. Wenye bustani, lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, bila kuhesabu tenki. Panga mzigo kuanzia mbele, usirundike nyuma ya ekseli. Angalia mafuta ya difu na beringi kabla ya mavuno, siyo baada ya kukwama. Na vibarua wasikae juu ya mzigo. Hao ni watoto wa watu.

Je, hakuna anayehitaji ekseli nzito? Yupo. Anayesomba samadi, mawe au maji kila siku, mwaka mzima. Lakini huyo ninamwambia auze pikapu atafute gari lililotoka kiwandani na kazi hiyo, au wajiunge watatu wanne wakodi Fuso siku za mavuno, au wanunue trela la trekta. Vitu hivyo vina chasisi, springi na breki zilizopangwa pamoja na ekseli yake.

Yule kijana amenunua shafti moja na beringi, gari linatembea. Jumamosi alileta dengu zilizobaki kwa safari mbili. Akaniambia fundi bado anampigia simu kila siku, ekseli ipo, bei inapungua. Nikamwambia na wewe mwambie Novemba mvua ikinyesha tutahitaji mbegu ardhini, na hiyo ekseli haioti.