Mwenye Makosa ni Mbu, Simba Mwacheni

Wiki mbili zilizopita, saa tatu usiku, ujumbe uliingia kwa grupu ya ploti yetu hapa Gachororo: mbwa wote watoke kabla ya tarehe moja. Sababu ni Simba, mbwa wa geti. Alipelekwa kwa daktari wa mifugo akiwa na kikohozi, akatolewa damu, na kwa darubini wakaonekana vijiminyoo wakijinyonganyonga. Kabla Simba hajarudi nyumbani, habari ilikuwa imefika hadi ghorofa ya nne: ana minyoo ya moyo, ataambukiza paka, ataambukiza watoto.

Landilodi wetu namheshimu. Lakini hapa amekosea, na nyinyi mliomjibu "ni sawa mzee" mmekosea pamoja naye.

Hebu tuanze na mnyoo mwenyewe. Jike lake linaweza kufika sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Anakaa ndani ya mishipa mikubwa ya mapafu na ndani ya moyo wenyewe, na kwa mbwa anaweza kuishi miaka 5 hadi 7. Anazaa watoto wadogo wasioonekana kwa macho, wanaozunguka na damu.

Sasa sikiza vizuri. Hao watoto hawawezi kukua wakawa minyoo wakubwa bila kupitia ndani ya mbu. Mbu anyonye damu ya mbwa mgonjwa, akae nao kama wiki mbili kukiwa na joto la kutosha, wabadilike humo ndani, ndipo akimuuma mnyama mwingine awaachie. Baada ya hapo ni miezi 6 hivi kabla ya wao kukomaa. Simba akimlamba paka, hakuna kitu. Wakilala gunia moja, hakuna. Hata ukichukua damu ya Simba ukamtilia mbwa mwingine, wale watoto hawatakua wawe minyoo wakubwa. Bila mbu, safari imeishia hapo. Na binadamu? Hutokea mara chache sana, na hata hapo ni mbu aliyeleta.

Najua jibu lenu: "Lakini mbu anatoa wapi, si kwa mbwa?" Hapo mna pointi, siwezi kukataa. Mbwa mgonjwa asiyetibiwa ni kama ghala, na mbu ndiye anaingia kuchota. Lakini kumfukuza kunafunga ghala gani? Simba akitupwa barabarani ataishia huko Juja Farm au kando ya machimbo, bila matibabu, akiumwa na mbu kila usiku. Mbu hawana habari na geti la mtu. Mbwa aliyebaki na akatibiwa ndiye anaacha kuwa hatari. Mnachofanya ni kuhamisha ugonjwa mahali ambapo hamtauona, halafu mnaita hiyo usalama.

Wenye paka, nyinyi ndio mnanisikitisha zaidi, kwa sababu hofu yenu ni ya kweli ila mmeielekeza pabaya. Paka anaambukizwa, ndiyo. Kwa kawaida anakuwa na mnyoo mmoja, wawili au watatu, lakini kwa mwili mdogo hata mmoja unaweza kuua. Minyoo wachanga peke yao wanaharibu mapafu: paka anakohoa, anahema kwa shida, anatapika, na wewe unadhani ni pumu. Vipimo vinaweza kumkosa mnyoo kwa urahisi, na ile dawa ya kuua minyoo wakubwa kwa mbwa ni sumu kwa paka. Kwa paka kinga ndiyo kila kitu. Na paka asiyetoka nje haponi kwa kufungiwa, maana mbu anaingia kwa dirisha hilohilo unalofungua jioni ukipika.

Halafu, nani amesema ni minyoo ya moyo? Kuona vijiminyoo kwa darubini si hukumu. Hapa Kenya kuna minyoo zaidi ya aina moja wanaoacha watoto kwenye damu ya mbwa. Mwaka 1958, Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo aliyepatikana kwa paka na mbwa kisiwani Pate, kule Lamu, ambaye leo anaitwa Brugia patei. Kuna mwingine, Dirofilaria repens, anayekaa chini ya ngozi na wala hagusi moyo. Kipimo cha kutafuta alama za jike la mnyoo wa moyo kipo. Simba hakufanyiwa. Amehukumiwa kwa ushahidi nusu.

Na wewe kijana wa bedsitter ya chini uliyesema utapita kwa agroveti ununue ile ivermectin ya ng'ombe "tumalize hii maneno," tafadhali keti chini. Kinga ya mnyoo wa moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito. Ya ng'ombe ni 200. Mililita moja ya ile chupa ya asilimia 1 inatosha ndama wa kilo 50. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama sehemu moja ya mia ya mililita. Tone moja tu limeshapita hapo! Utapima na nini, macho? Mbwa wa jamii ya collie, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayofanya dozi kubwa iwafikie ubongo. Na mbwa aliyejaa vijiminyoo, wakifa wote kwa mpigo, anaweza kuzirai na kufa. Mbwa apimwe kwanza, kisha daktari aseme ni dawa gani na kiasi gani.

Kama tunataka kweli kulinda wanyama na watoto wetu, kazi ipo. Simba apimwe upya, kipimo sahihi, na sisi wote anaotulindia mlango tuchange. Wenye mbwa na paka waulize daktari kuhusu kinga ya kila mwezi. Tuweke wavu kwa madirisha. Tumwage maji kwa matairi na ndoo zilizoachwa kule nyuma. Machimbo ya Ndarugu yakishika maji baada ya mvua hatuwezi kuyafukia sisi, lakini ya hapa kwetu tunaweza.

Na mzee, kwa heshima zote: lile tangi la nyuma halina kifuniko tangu Januari. Nilipita jana asubuhi nikachungulia na tochi ya simu. Viluwiluwi vya mbu vimejaa. Simba hakuwaweka humo.

Funika tangi kwanza. Halafu tukae chini tuongee kuhusu mbwa. Mpaka hapo, tarehe moja ikifika, Simba atakuwa getini, na mimi nitakuwa nimesimama naye.