Skolashipu Nje ya Jimbo: Tuhesabu Kabla ya Kufurahi



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mwaka twaulizwa swali moja na jamaa zetu walioko Marekani, wengi wao Wakongomani na Warundi waliopewa makazi Kentucky, Texas na Arizona. Mtoto amefanya vizuri sekondari, je, chuo gani kitamlipia? Nyuma ya swali hilo lipo jingine ambalo wengi huona haya kulitamka: riba. Mikopo ya wanafunzi kule, ya serikali na ya mabenki, ina riba. Hata ule ambao serikali huibeba riba yake wakati wa masomo, mtoto akishamaliza riba huanza kuhesabiwa juu yake. Kwa hiyo skolashipu kwetu si jambo la fahari tu.

Sasa tuelewane jinsi mambo yalivyo. Vyuo vikuu vya umma Marekani ni vya majimbo. Mkaazi wa jimbo hulipa ada ndogo, anayetoka jimbo jingine hulipa hata mara mbili au tatu. Wala usidhani utahamia huko mwezi Agosti uitwe mkaazi. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi pale miezi 12, tena si kwa ajili ya kusoma tu.

Chukueni mfano wa Chuo Kikuu cha Alabama. Mkaazi hulipa ada ya kama dola 12,000 kwa mwaka, na wa nje zaidi ya dola 30,000. Hata hivyo zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wanatoka nje ya jimbo! Sababu kubwa ni kwamba chuo hutangaza jedwali la wazi: ukiwa na GPA kadhaa na alama kadhaa za ACT au SAT, punguzo lako ni hili. Si sadaka hii, ndugu zetu. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalipunguza fedha za vyuo, navyo vikatoka kutafuta wanafunzi mbali. Mwanafunzi mwenye alama za juu hupandisha sifa ya chuo, na hata akipunguziwa bado kuna kitu analipa. Ni biashara, na biashara huingiwa kwa hesabu.

Tuhesabu basi. Mtoto wa Louisville amepewa dola 20,000 kwa mwaka katika chuo cha nje chenye ada ya dola 32,000. Familia inapiga simu mpaka Bujumbura, hongera kila upande. Lakini zimebaki dola 12,000 za ada, na juu yake chumba, chakula na nauli. Pengine chuo cha jimbo lake kingemtoza ada hiyo hiyo bila skolashipu yoyote, na jioni akala kwa mama yake. Skolashipu kubwa na chuo cha bei nafuu ni vitu viwili.

Iko milango mingine isiyosemwa sana. Wakaazi wa majimbo ya Magharibi, Arizona ikiwemo, wana mpango uitwao Western Undergraduate Exchange, ambao katika vyuo vinavyoshiriki hawatozwi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkaazi. Texas nayo, sheria inaruhusu chuo cha umma kumwondolea mgeni ada ya nje akipata skolashipu ya ushindani ya chuo hicho isiyopungua dola 1,000. Nafasi zina kikomo, lakini zipo.

Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League, wote 8, hawatoi skolashipu kwa ajili ya alama. Wao hutazama kipato cha familia. Kwa familia yenye kipato kidogo kabisa huenda wakawa nafuu kuliko wote, ila kuingia ndiyo kazi.

Na mwanafunzi aliyeko huku kwetu, Kampala au Bujumbura, ajue kuwa yeye ni mwanafunzi wa kigeni. Mpango wa majimbo ya Magharibi haumhusu. Tena kabla ya kwenda kuomba viza, chuo humtaka aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, za kuishi pia. Skolashipu ya ada peke yake haimfikishi.

Kabla ya kusaini chochote, mzazi aandike kwa ofisi ya skolashipu aulize: fedha hizi ni za miaka minne au wa kwanza tu? GPA ikishuka chini ya ngapi zinakatwa? Ada ikipanda, nazo zinapanda? Majibu yawe kwa maandishi. Na aanze mapema, kwani tarehe za skolashipu katika vyuo vingi hufungwa Novemba au Desemba, miezi mingi kabla ya masomo kuanza.