Turudishe kitabu cha mapishi jikoni

Kila mwenye presha anaifahamu kauli hii: "Punguza chumvi." Huambiwa wakati mkanda wa kupimia unavuliwa mkononi, kisha anakabidhiwa dawa na kurudi nyumbani. Akifika jikoni anajiuliza: nipunguze kutoka ngapi hadi ngapi? Nyumba nyingi hatupimi. Tunamwaga kwa kiganja, tunaonja, tunaongeza.

Baba yangu alipogundulika na presha, kliniki walimwambia hivyohivyo, bila kipimo. Mama alikwenda kabatini akatoa kitabu chake cha mapishi, alichokuwa nacho tangu alipokuwa akisoma sayansi kimu shuleni. Jalada lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi, na ukurasa wa maandazi ulikuwa umelowa mafuta hadi unapitisha mwanga. Akafungua mchuzi wa nyama: watu sita, chumvi vijiko viwili vya chai. Kisha akapima kile ambacho kiganja chake kilizoea kumwaga. Kilizidi vijiko vitatu. Siku hiyo ndipo sote tulipojua tulikuwa tunakula nini.

Tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa kila anachokula kuanzia asubuhi hadi usiku. Vijiko viwili vikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anapata theluthi ya kijiko. Hapo ni mchuzi tu. Bado chumvi ya ugali au wali mnaoupika kwa chumvi, bado mkate wa asubuhi, bado vile vidonge vya supu ambavyo sehemu kubwa ni chumvi.

Ukishakuwa na namba, kupunguza kunawezekana. Mama alikata "viwili" kwa penseli akaandika "kimoja na nusu". Baada ya wiki kadhaa akaandika "kimoja". Pembeni akaongeza ndimu na kitunguu saumu. Baba alilalamika mwanzoni, kisha akasahau, maana ulimi huzoea.

Najua wengi mtasema mapishi yote yamo kwenye simu. Ni kweli, na mimi nimejifunza mengi humo. Lakini katika video nyingi mpishi humimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa huku muziki ukipiga. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120. Mwenye kisukari aliyeambiwa apunguze uzito atajuaje vilikuwa vijiko viwili au vinane? Tena simu hiyohiyo tunaigusa kwa vidole vilivyotoka kukata kuku mbichi, kisha tunamkabidhi mtoto achezee.

Kwa wazazi wa watoto wachanga jambo hili ni zito zaidi. Video ya uji wa mtoto ikikuonyesha asali, huna pa kumuuliza aliyeirekodi kama anajua kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli. Ukurasa wa kitabu unaweza kuubeba hadi kliniki, ukauweka mezani mbele ya muuguzi na kumuuliza: hiki kinamfaa mwanangu wa miezi saba? Akikuambia ondoa sukari na chumvi, unaandika hapohapo. Bibi atakayebaki na mtoto ataona maandishi hayo hata kama wewe uko kazini.

Sisemi kila kitabu ni kizuri. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa ajili ya karamu, vikombe vya sukari na vipande vikubwa vya siagi. Wala kitabu hakichukui nafasi ya daktari: mgonjwa wa figo, kwa mfano, anaweza kuzuiwa ndizi na viazi ambavyo mwenzake anaruhusiwa. Ndiyo maana nasema kitabu kiandamane na penseli.

Lakini kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye vipimo: raha. Jumamosi moja weka kitabu mezani, mwache mtoto achague ukurasa. Asome kwa sauti, apime nusu kikombe cha unga, akosee, acheke. Mtoto aliyekatakata mchicha mwenyewe huwa na hamu ya kuuonja. Na mgonjwa aliyechoshwa na orodha ya makatazo, akipekua kurasa, hugundua kwamba vyakula anavyoruhusiwa ni vingi kuliko alivyodhani.

Kama huna kitabu, waulizie wauza vitabu vya mitumba, au nunua daftari la kawaida. Andika mapishi matano mnayopika kila wiki, kwa vipimo halisi, na idadi ya walaji. Usipunguze chochote wiki ya kwanza, pima tu. Kisha nenda nalo kliniki siku ya miadi. Daktari akisema "punguza chumvi", mfungulie ukurasa wa mchuzi, umpe na penseli.