Moyo wa Mtoto Mgonjwa Haungoji

RUNGWA ni kijiji cha Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, kando ya barabara itokayo Itigi kwenda Mbeya. Ni nchi ya miombo, mizinga ya nyuki na pori la akiba. Mama anayejifungua huko yuko mbali na reli, na mbali zaidi na hospitali kubwa za Dodoma na Dar es Salaam. Umbali huo humtaabisha kila mgonjwa. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down, waweza kuwa suala la kufa na kupona.

Hali hiyo ilielezwa na daktari Mwingereza, John Langdon Down, mwaka 1866. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune wa Ufaransa na wenzake walitangaza chanzo chake: mtoto huyo ana kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Basi si mkosi, si kulogwa, wala si adhabu ya mama aliyevunja mwiko. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini hata mama kijana huweza kumzaa mtoto wa namna hiyo.

Wengi wetu tunajua kwamba mtoto huyu hukawia kuketi, kutembea na kusema. Tusilolijua ni kwamba karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu katika kuta zinazotenga vyumba vyake. Damu hupita njia isiyo yake, ikafurika mapafuni. Mtoto hutoka jasho anyonyapo, huhema upesi, na uzito wake hauongezeki. Jamaa husema ndivyo watoto hawa walivyo. Hutibiwa nimonia, akarudi nyumbani, kisha akatibiwa nimonia tena. Wakati huo mishipa ya mapafu inakakamaa. Tundu kubwa likiachwa muda mrefu, mishipa hiyo huharibika kiasi kwamba upasuaji haumfai tena. Ndiyo maana matundu makubwa kabisa hutakiwa kuzibwa mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu.

Zamani watoto wengi wa namna hii walipelekwa India. Lakini tangu mwaka 2015 Taifa lina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako watoto hupasuliwa moyo hapa hapa nchini. Kwa hiyo hatuwezi tena kusingizia kwamba tiba haipo. Kilichobaki ni kumfikisha mtoto kwenye tiba hiyo mapema, na kazi hiyo ni yetu sisi tulio kati ya kijiji na hospitali.

Wako wasemao kwamba ni hasara kutumia fedha nyingi kwa mtoto ambaye hatakuwa msomi. Hoja hiyo haina msingi. Huko Marekani, mwaka 1983 watu wenye hali hii waliishi kwa wastani wa miaka 25 hivi. Leo ni karibu miaka 60, na upasuaji wa moyo ni moja ya sababu kubwa. Tena, ahadi ya kwanza ya mwanachama inatamka kwamba binadamu wote ni ndugu. Haikumtoa mtoto huyu.

Hapana budi basi kila mmoja atimize wajibu wake. Mhudumu wa zahanati amwandikie mtoto huyu rufaa ya kupimwa moyo mara anapomtambua, hata kama anaonekana mzima, kwani kasoro yaweza kujificha wiki za mwanzo. Mtendaji na ofisa ustawi wa jamii wasingoje mzazi auze mbuzi wa mwisho ndipo waanze kuandika barua ya msamaha wa gharama. Halmashauri ikumbuke nauli ya mzazi katika mipango yake. Naye mwalimu, ambaye neno lake huaminiwa kijijini, aseme wazi kwamba mama huyu hana kosa. Na mtoto akifikia umri, ampokee darasani, kama Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavyotaka.

Barua inayokaa mezani wiki tatu huweza isimdhuru mtumishi yeyote. Kwa mtoto wa Rungwa, wiki hizo tatu ni sehemu ya uhai wake.